Uzi Nilioufunga Kati ya Udongo na Mbung'o

Zuhura, mwana wa dada yangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako imekwama huko ng'ambo uliko masomoni, nami sina subira ya kuingojea. Hapa Cheyo, Tabora mjini, tu wazima. Tumbaku ya mama yako kule Usoke imekauka vizuri, lakini sikuandikii kwa ajili ya tumbaku.

Unaukumbuka mkeka? Ulikuja likizo kutoka Chuo Kikuu na begi la majarida ya wataalamu, ukautandaza mkeka wangu mkubwa sebuleni, ukaniomba punje za mahindi na uzi wa kufungia tumbaku. Kila mtaalamu aliyeandika juu ya nchi yetu hii ukamfanya punje. Walioandika makala pamoja ukawaunganisha kwa uzi. Walioandika pamoja mara nyingi, nyuzi nyingi. Yule ambaye wenzake wanamtaja sana katika maandishi yao ukampa mbegu ya ukwaju, aonekane mkubwa. Nikakwambia hilo nalijua tangu zamani, maana babu yangu mpagazi aliijua njia yote ya misafara namna hiyo hiyo: nani husafiri na nani, na jina la nani hutajwa kila kambi. "Alibeba pembe mbili za ndovu hadi pwani," nikasema, "na njiani akambeba na nyampara aliyevimba mguu."

"Mwaka jana pembe ilikuwa moja, Mjomba."

"Mwaka jana ulikuwa hujafika Chuo Kikuu. Nilikupa ya kukutosha."

Ulipokwenda kuswali alasiri nikautazama mkeka. Upande wa dirisha, wataalamu wa udongo, wamefungana kama mganda. Upande wa mlango, watu wa mbung'o, nao hivyo hivyo. Katikati mkeka mtupu. Nikaona mtoto amesahau. Mimi nimesoma darasa la nne, lakini lile la nne la zamani. Nikakata uzi, nikaufunga ukwaju wa huku kwa ukwaju wa kule, fundo la kipagazi lisilofunguka.

Ulirudi ukasimama. "Mjomba, umewaozesha watu wasiojuana."

"Si wote wako hapa Tabora?"

"Wako. Hawaandiki pamoja, hawatajani, hata hawasomani. Huo uwazi uliouziba ndio niliokuwa nautafuta."

Kisha ukakaa, ukanieleza polepole. Pale panapopangwa kijiji kipya cha ujamaa, ng'ambo ya Usoke, watu wa udongo wameandika kwamba pana rutuba. Watu wa mbung'o wameandika juu ya msitu huo huo kwamba mbung'o wake wanaambukiza malale. "Kila mmoja amesema kweli," ulisema, "ila hakuna aliyesoma ya mwenzake." Nilikosa hadithi ya kusimulia, na unajua kwangu huo ni ugonjwa.

Kituoni ulinishika mkono. "Wewe husema unamjua kila mtu Tabora. Wakutanishe." Nikakujibu nitawakutanisha kabla treni yako haijafika Itigi.

Treni imepita Itigi, Zuhura, na wewe umeshavuka bahari. Nimekwenda kwa Bwana Udongo. Akanipa kiti, akaniambia mbung'o si kazi yake. Bwana Mbung'o akaniambia yeye hapangi vijiji. Ofisi zao zinatazamana, baiskeli zao zinaegemea ukuta mmoja. Nilipoeleza habari ya mkeka, mmoja akauliza kama mahindi yale yalikuwa ya kupanda au ya kula.

Sasa balozi wa nyumba kumi kule Usoke amewaambia watu wafungashe, lori linakuja. Mama yako ameshaezua bati la jikoni. Anafurahi. "Kaka, kutakuwa na bomba, kutakuwa na zahanati." Nami kijiji nakitaka, mkutanoni niliimba kwa sauti kuliko wote. Ninachokataa ni kile kichaka. Nikimwambia habari ya mbung'o anafuta machozi ya kicheko: "Hiyo nayo ni ya babu?" Nimewachekesha watu miaka yote, leo nina neno la kweli, nao wanangoja nifike penye kuchekesha. Usingizi umenihama.

Basi leo nimewaalika wote wawili chakula cha mchana, kila mmoja peke yake, bila kumtajia mwenzake. Wali na kuku, sinia moja. Kwetu mtu akishanawa mikono hainuki kwa sababu ya aliyeketi mbele yake. Atakula naye, na akila naye atasema naye. Mkeka ni ule ule. Sinia litakaa pale nilipofunga uzi.

Bwana Udongo ameshafika. Nimemkalisha upande wa dirisha, nami nimetoka kidogo kama mtu anayehimiza chakula, ndipo namalizia barua hii. Ameuliza tunamngoja nani. Nimemwambia babu yangu alibeba pembe tatu hadi pwani, naye ameniuliza aliwezaje. Sasa narudi ndani. Nitamwongezea pembe, Zuhura, moja baada ya nyingine, mpaka nisikie baiskeli ya pili ukutani.

Mjomba wako,
mwenye sikio barabarani