Neno Lililonitoka Nikifa

Mi-rae, nimekwisha.

Leo tulikuwa tunarekodi ile sehemu ya mwisho ya tamthilia, ninapojirusha mbele ya upanga wa jini ili mwana wa mfalme asife. Upanga ukanipitia mbavuni, mfuko wa damu bandia ukapasuka, ikanirukia mpaka puani. Tae-gyeom, ndiye mwana wa mfalme, akamkata jini koo, akanidaka, analia.

Nilitakiwa niseme, "Mtukufu, uishi."

Nikasema, "Oppa, uishi."

Oppa, Mi-rae. Neno la wapenzi wa siku hizi, kama ninavyomwita tukiwa wawili. Mbele ya watu wote, tena ndani ya kasri la miaka elfu iliyopita.

Mwongozaji akasimamisha kamera. "Oppa nani? Nyinyi wawili mna nini?"

Nikamtazama Tae-gyeom, kichwa changu bado kiko mapajani kwake. Miaka miwili tumejificha. Akanisukuma chini kama gunia, akajifuta damu yangu.

"Huyu? Tunajuana kazini tu."

Kazini tu.

Tukarudia. Upanga tena, damu tena. Safari hii nikamwita Mtukufu, nikamng'ang'ania shingo mpaka kucha zikazama.

Mwongozaji akapiga makofi. "Hapo sasa. Hapo umekufa kweli."