Samaki Wawili wa Baba Mkwe

Mpendwa mama mshauri, naomba unisaidie kabla sijachekwa mpaka mji wa Sake, mimi ni mwalimu hapa Goma, nimemposa Mukashyaka na ng'ombe wa mahari nimekwisha kuwapeleka, lakini baba yake, muzee Twagirayezu wa Mugunga, mfugaji tangu utoto, alinitembelea akaona sanduku la vioo la samaki wadogo waitwao gurami, nililoachiwa na rafiki aliyehamia Kinshasa, akasahau hata bia yake, akasema, "Mukwe, unipe dume na jike, siku watazaa ntakurudishia mutoto moja, kama vile tunafanyaka na ng'ombe, na ile siku ndiyo tutapanga harusi." Nikamwacha achague, maana mfugaji ni yeye, akachukua wawili wenye mistari mizuri ya rangi nyekundu na bluu, akasema, "Mwenye anajipamba hivi ni mwanamuke kabisa," nami nikaitikia tu, sasa huko kwenye beseni lake wanapigana kila siku, na mmoja alipotoa povu juu ya maji muzee akadai ni ugonjwa wa midomo wa ng'ombe, akatia chumvi, akalitoa povu lote kwa kijiko, na Mukashyaka ananiuliza harusi ni lini, mama, nimjibu nini?

Mulumeoderhwa, Goma

Citoyen Mulumeoderhwa, pole sana, lakini nimecheka mpaka nikamwaga chai. Hao ni madume wawili! Mngesubiri watoto mpaka muote mvi. Kwa gurami anayejipamba ni dume: rangi kali, pezi la mgongoni limechongoka. Jike ni yule wa kijivu, mwenye tumbo la mviringo, ambaye ninyi wawili mlimpita bila hata kumsalimia. Kwani hamjawahi kuona jogoo?

Na lile povu ni kiota. Dume alikuwa anajenga nyumba, baba mkwe wako akaibomoa kwa kijiko!

Nenda Mugunga na jike. Ondoa dume mmoja, badilisha yale maji ya chumvi kidogo kidogo, weka majani yanayoelea, sogeza beseni mahali penye joto, halafu ficha kijiko. Jike akishataga mtoe, maana dume atamfukuza alinde mayai peke yake. Usimwambie muzee amekosea mbele ya watu. Mtajie jogoo, atamalizia mwenyewe.

Usilie tena. Gurami hazai mmoja, huzaa mamia. Mabeseni yote ya mama mkwe yakishajaa watoto wa samaki, muzee mwenyewe atakuja kwako, ndoo mkononi, akuulize harusi ni lini.