Mayai ya Watoto Wakubwa

Bawshar, Muscat

Mke wangu Mama Zuhura,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu wote unaolala nao nyumba moja, na naomba Mungu karatasi hii ikukute mzima. Mgongo unaendeleaje? Na mama yangu, miguu imepungua kuvimba, au bado anakwambia haumwi huku anashika ukuta? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila joto limeanza mapema mwaka huu, na kichwani nina jambo ambalo mpaka sasa silielewi vizuri. Barua anakuletea Shabani, yule fundi umeme wa Pongwe, anakuja likizo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako inashinda kwa Zuhura, na haya sitaki ayasome. Ukimaliza, iweke unapojua mwenyewe.

Mwezi uliopita madamu, yule mama wa Kiingereza ninayempikia, aliniita nikae mezani. Hapo tu nilishtuka, maana sijawahi kuambiwa nikae. Akasema likizo ya watoto imekaribia na Pasaka ndani yake, na kwao kuna desturi ya kuwatafutisha watoto mayai bustanini. Nikamuuliza niyachemshe mangapi. Akasema si ya kuku, ni ya plastiki, yanafunguka katikati na ndani yake mnatiwa zawadi. Nikamuuliza sasa kwa nini yawe mayai. Akasema yanaletwa na sungura. Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa anatania.

Mama Zuhura, Pasaka mimi naijua. Hapo kwetu Muheza majirani wanakwenda kanisani na nguo mpya, mchana tunaletewa sahani ya pilau, tunaosha sahani tunairudisha na kitu juu yake, basi. Sungura hayumo. Nikamwendea Bi Thuwaiba wa nyumba ya jirani, yule bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja niliyekwambia anapenda mandazi yangu, nikidhani aliyekaa na wageni miaka yote hiyo atakuwa anajua. Akanambia hata yeye hajui, wajukuu zake anawapeleka kwa kuwa wamealikwa, na kama ni sungura basi ni huyo huyo wa mwaka jana.

Lakini shida haikuwa sungura. Madamu alisema watoto wadogo hawana tabu, chokoleti inawatosha. Tabu ni wakubwa, wa miaka kumi na miwili mpaka kumi na mitano, wanane kwa jumla pamoja na wa kwake na wa majirani. Mwaka jana walikaa chini ya ukuta na simu zao wakanuna mpaka wenzao wakamaliza. Akanambia, "Rashidi, wewe una binti mkubwa. Unajua wanachopenda. Ya wakubwa nakuachia wewe."

Nikajibu ndiyo madamu, najua. Nilijibu upesi kama mtu aliyeulizwa jina lake. Nisikufiche, nilijisikia baba mwenye binti, si mpishi tu.

Nikaanza kazi. Chokoleti niliikataa, kwa jua la huku ingekuwa uji kabla ya saa nne. Nikatengeneza kashata za nazi na visheti, vidogo vidogo vya kuingia ndani ya yai, na hivyo sikuvionea shaka. Halafu nikasema niongeze vitu vya kuchezea. Siku yangu ya mapumziko nikaingia madukani, na kila nilichokishika nilijiuliza swali moja tu, Zuhura angekipenda? Nikanunua vibanio vya nywele vyenye vipepeo. Nikanunua bangili za shanga, vifutio vyenye sura ya matunda, pete za plastiki, na baluni. Kwa wavulana nikanunua vigari. Niliporudi nilivipanga mezani nikaviangalia, wallahi nilifurahi.

Kuficha nako nikapewa mimi. Hapo nilifanya ujinga mwingine. Mimi nikiambiwa ficha, naficha. Nilitia mayai nyuma ya mitungi ya gesi, chini ya mashine ya kipoza hewa, katikati ya mpira wa kumwagilia maji uliokunjwa. Madamu alipokuja kunielekeza kwamba yanatakiwa yaonekane kidogo, nilikuwa nimeshamaliza. Wadogo walitafuta mpaka wawili wakalia, ikabidi nizunguke nao nikiwaonyesha. Matatu hayajapatikana hadi leo, na mimi niliyeyaficha sikumbuki ni wapi.

Wakubwa walitafuta vizuri, walipenda kwamba ni kazi ngumu. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na taulo begani nikiwangoja wafungue. Binti wa madamu, ana miaka kumi na minne sawasawa na wetu, akafungua lake akatoa kibanio cha kipepeo. Akakigeuza. Akanitazama akatabasamu, akasema asante, halafu akamwita mdogo wake akamvisha nyweleni. Nikasema labda yeye hapendi vipepeo. Mwenzake akafungua, akampa dada yake mdogo bangili. Kijana mmoja mrefu kunishinda mimi akatoa kigari, akakaa chini akamwendeshea mtoto wa miaka mitatu. Mmoja mmoja, wote wanane, wakagawa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelalamika. Kashata walikula zote. Lakini vile vitu hakuna mkubwa aliyebaki nacho, na adabu yao ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Salma, mjukuu wa Bi Thuwaiba, akanijia jikoni kuomba maji. Ana miaka kumi na mitatu, Kiswahili chake ni cha bibi yake.

"Ami Rashidi, bintiyo ana miaka mingapi?"

Nikamwambia kumi na minne.

"Na yeye anavipenda vitu kama hivi?"

Nikasema sana.

"Kakwambia mwenyewe?"

Alikuwa anauliza tu, hakuwa na ubaya. Akanywa maji yake akaenda. Mimi nikabaki nimeshika bilauri.

Mke wangu, hajaniambia mwenyewe. Umeniambia wewe. Kila nikituma sanduku unaniambia amefurahi sana, Baba Zuhura, hajavua tangu jana. Siku ile jikoni nikakumbuka kwamba Ramadhani, ulipokuwa unanionyesha uani kwenye simu, alipita mtoto wa dada yako, yule Mwanahamisi mwenye miaka saba, amevaa viatu vya waridi nilivyovituma. Niliviona. Nikajiambia wanaazimana. Sasa nakuuliza kwa wema, viatu vile vilimwingia Zuhura hata siku moja? Mimi nilimwacha ana miaka tisa. Nimerudi mara moja, na likizo yote ile nilikuwa juu ya paa la mama nabadilisha mabati, yeye ananipitishia misumari. Naona nimekuwa nikimtumia zawadi mtoto ambaye hayupo tena, na wewe ulikuwa unampokelea.

Sikulaumu. Najua ulinionea huruma, na ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Lakini usinionee tena. Mwezi wa saba nakuja, sanduku liko wazi sakafuni na kwa wiki nzima sikujua nitie nini. Nililitia vitu nikavitoa, nikalitia tena nikavitoa. Nilikwambia kichwa changu hakijatulia.

Nisalimie mama yangu, mwambie dawa ya miguu ipo njiani na Shabani, na ajipake, asiiweke kabatini. Nisalimie kaka yangu mkubwa, na mkewe, na mwambie kaka lile shamba asilikodishe bila kusema na mimi. Nisalimie dada yako mama wa Mwanahamisi, na Mwanahamisi mwenyewe, viatu vyake vinampendeza. Nisalimie shangazi anayekufundisha kushona, na mwalimu wa madrasa aliyeniombea dua nikiondoka.

Sasa kuna jambo moja sijakwambia, na ndilo hasa lililonikalisha niandike. Ijumaa nilipiga simu mchana, wewe ulikuwa kisimani, akapokea Zuhura. Akasema kama kawaida, shikamoo baba, ngoja nikuitie mama. Nikamwambia usimwite, nakutaka wewe. Nikamuuliza siku hizi anapenda nini. Akasema chochote tu baba. Nikamwambia, "Mwanangu, nakuuliza kwa sababu sijui."

Nikasikia anafunga mlango. Halafu akaanza. Anapenda kuchora, amechora mlango mzima wa banda la kuku na mmemkemea. Hapendi rangi ya waridi, hajawahi kuipenda. Anapenda kulala baada ya shule, anapenda ndimu na chumvi, anataka kujua umeme unavyofanya kazi. Hapendi nikimwita Zuzu watu wakisikia. Alisema mengi, Mama Zuhura, sauti yake imekuwa nzito kidogo kama ya mama yangu. Nilikuwa naandika nyuma ya karatasi ya sokoni ili nisisahau hata moja.

Alipomaliza akauliza, "Na wewe baba, unapenda nini?"

Nikamwambia napenda nyinyi muwe wazima. Akasema hapana, si sisi, wewe. Nikatafuta. Najua madamu anapenda yai lake dakika ngapi, najua bwana hataki pilipili, najua Bi Thuwaiba anataka mandazi yenye iliki nyingi. Langu mimi sikuliona. Nikamwambia nitafikiri. Akasema sawa, mimi nasubiri.

Leo siku ya tano nafikiri. Wewe ulinijua kabla sijaja huku. Nikumbushe, mke wangu, nilikuwa napenda nini?

Mumeo,
Rashidi