Gari Lisilo na Mahali pa Pillaiyar

Oragadam,
17 Novemba

Appa mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta kibarazani na gazeti lako, ukiwagombeza waandishi kama kawaida. Mvua za huku zimeanza, na kila zikianza nakumbuka goti lako la kushoto, lile lililokanyaga klachi miaka thelathini na moja. Linaendeleaje? Na jicho la Amma? Mwambie kwamba daktari hakumpasua ili wiki ya pili arudi kupuliza kuni, na yale matone ni ya kutia jichoni, si pambo la kabati. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, tena nimenenepa hadi blauzi za mwaka jana zimenikataa.

Najua utauliza kwa nini nimekaa kuandika na simu ninayo. Kwenye simu, Appa, husikii vizuri. Unasema "enhe, enhe" mara tatu, halafu unampa Amma, na Amma anataka kujua nimekula nini. Nina habari mbili. Ya kwanza ni ya furaha, na hata ukiwasomea majirani ni sawa. Ya pili ni yako peke yako. Nimeiacha mwisho kwa sababu bado najikaza kuiandika.

Ya kwanza ni hii: zamu ya pili hapa kiwandani haifungwi! Watu mia saba na arobaini waliokuwa wanahesabu siku wanabaki kazini, na baada ya sikukuu ya Pongal wataajiriwa wengine mia mbili. Minmini, lile gari letu dogo lililodharauliwa na kila mtu, mwezi wa sikukuu ya Deepavali limeuzwa kuliko gari lolote ambalo Vaigai Motors imewahi kutengeneza. Na mwezi wa Januari magari elfu tatu yanapanda meli kwenda Peru. Peru, Appa! Ilibidi niitafute kwenye ramani, na mkubwa wangu Bwana Venugopal naye, ingawa alijifanya anasafisha miwani.

Ili uone ukubwa wa jambo hili lazima nikurudishe nyuma. Mwezi wa Machi bei ya chuma ilipanda, ya plastiki ikafuata. Bwana Venugopal, mkuu wa idara yetu ya gharama, akatuita akasema Minmini lazima iuzwe chini ya rupia laki sita, la sivyo washindani watatumeza, kwa hiyo kila mmoja atafute cha kupunguza. Kiwandani tunaitwa Watu wa Mkasi, na hawatuiti hivyo kwa mapenzi. Mkato mkubwa kuliko yote niliuleta mimi. Niliona kwamba sehemu ya juu ya dashibodi inatoka katika kalibu mbili kisha inaunganishwa, na sababu yake ni kile kisehemu bapa tu pale katikati. Nikapendekeza kalibu moja, dashibodi iteremke laini kutoka kwenye kioo mpaka kwa dereva. Tukaokoa rupia mia sita na arobaini kwa kila gari. Nilipigiwa makofi, na Bwana Venugopal akanunulia idara nzima ladu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yake.

Gari likaingia sokoni mwezi wa Aani, Juni ikielekea kuisha, mauzo yakasuasua. Ikaja Aadi, na hapo sote tukatulia, maana nani ananunua gari mwezi wa Aadi? Mwezi ambao hata harusi hazifungwi! Makadirio yetu ya mauzo kila mwaka yana shimo la Aadi, na mwaka huu tulitupa lawama zote humo, tukaendelea kunywa kahawa. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Aavani ilipoingia, mwezi ambao watu hununua hata wasichohitaji, magari yaliendelea kusimama uani. Elfu nne na mia tatu, Appa. Kutoka dirishani kwangu uani kulionekana kama kwenye harusi iliyokimbiwa na bwana harusi.

Kila mtu akawa na lake. Wauzaji walisema ni rangi. Wahandisi walisema ni bei ya petroli. Bwana Venugopal alilaumu kodi, yeye kila kitu ni kodi. Wanunuzi wa nchi za nje nao wakawa na swali moja tu: ikiwa watu wenu wenyewe hawalitaki, sisi tulitakie nini? Mwisho Mwenyekiti, Bwana Alagappan, akatoa neno kutoka Chennai kwamba magari yasipoondoka kufikia Deepavali, zamu ya pili inafungwa. Msimamizi wa zamu hiyo ni Kaja Moideen, mtu wa Melapalayam, wa kwetu kabisa. Alinikuta kantini akaniambia, "Dada Poongodi, dashibodi umeshaikata, sasa unakuja kukata na watu? Basi anza na mimi, mimi ndiye mnene." Alicheka, lakini wali wake hakuugusa, na mimi wangu ulinishinda.

Ndipo nilipokuja nyumbani kwa sikukuu ya mungu wetu Pillaiyar, na ile Minmini nyekundu ya ofisi. Ulikuwepo, ndiyo, lakini acha nikueleze nilivyoona mimi. Amma aliweka ndimu chini ya matairi kuondoa husuda, majirani wakajaa. Wewe ukaingia, ukasogeza kiti, ukapiga honi mara mbili, ukasema honi ina adabu. Nikavimba kichwa. Kisha ukatoa mfukoni yule Pillaiyar wako wa shaba, aliyelika mkonga wake wa tembo kwa kuguswa kila asubuhi, ukamweka mbele yako kama ulivyofanya maisha yako yote. Akateleza mpaka mapajani mwako. Ukamrudisha, akateleza tena. Ukanitazama ukasema, "Mama, mungu anakaa wapi humu? Miguuni mwangu?" Na majirani walipoanza kucheka ukaongeza kwamba tumetengeneza gari la mtu asiye na wa kumwomba.

Nilikasirika, Appa, unajua nilivyo. Nilikujibu mbele ya watu kwamba siku hizi pale watu wanaweka simu, kwamba mambo ya kiwanda huyaelewi, kwamba umeendesha gari moja kuukuu maisha yako yote na sasa unataka kutufundisha kazi. Ulishuka, ukafunga mlango taratibu, ukaenda kunawa mikono. Heri ungenigombeza.

Siku ya kurudi nilisimama Madurai kwenye duka letu la magari, nikakaa kwenye kochi kama mteja. Kwa saa moja ziliingia familia tatu. Bibi mmoja wa sari ya kijani alipitisha kiganja juu ya dashibodi, taratibu, kama anayepima homa ya mjukuu. Akamnong'oneza mwanawe. Wakasema watafikiria, wakaondoka. Muuzaji akaniambia ndivyo wanavyofanya siku zote, wanapapasa, wanashukuru, wanaaga, na yeye hajui kwa nini. Atajuaje? Nani atamwambia kijana aliyevaa tai kwamba anatafuta kiti cha mungu wake? Mimi nilijua. Nilikaa pale na aibu yangu mpaka kahawa ikapoa.

Wiki iliyofuata niliomba nafasi mbele ya Mwenyekiti. Walikuwepo wahandisi kumi na wawili, na dashibodi ya Minmini juu ya meza. Niliweka juu yake kisanamu cha Pillaiyar nilichonunua mlangoni mwa hekalu. Kikateleza, kikaanguka sakafuni, na hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliinama akakiokota mwenyewe, akakigusisha machoni kwa heshima, kisha akauliza kumrudishia mahali pake kutagharimu kiasi gani. Nikasema rupia tisini na tano, kipande bapa cha kubandika chenye ukingo mdogo, na magari yote yaliyoko uani tuyawekee bure. Bwana Venugopal aliposikia "bure" alifumba macho kama anang'olewa jino.

Zamu ya pili ilibandika vipande elfu nne na mia tatu kwa siku tisa. Kaja Moideen alikuwa anapita katikati ya magari akipaza sauti kwamba mahali hapa si pa Pillaiyar peke yake, mkewe ataweka tasbihi yake, na Anthony wa kitengo cha rangi akajibu kwamba yeye ameshamchagulia nafasi Mama Maria wa Velankanni, hivyo wengine wasubiri foleni. Tukawapigia simu wote waliosema watafikiria. Kufikia sikukuu ya Ayudha, ya kubariki vyombo vya kazi, uani kulibaki magari mia tisa. Kufikia Deepavali hapakubaki hata moja, na watu walikuwa wanagombania orodha ya kusubiri. Elfu sita na mia mbili kwa mwezi mmoja! Nililia chooni, kisha nikanawa uso nikarudi kupiga hesabu.

Na Peru? Alikuja mnunuzi, Bwana Huamán, mfupi, mpole, mwenye orodha ndefu ya maswali kuhusu kutu na springi. Kule usukani uko kushoto, na Kaja Moideen alimhakikishia kwamba vijana wake watauweka kushoto, kulia, hata juu ya paa akitaka. Bwana yule alipoingia garini kulijaribu, kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa kwenye pochi picha ya Bwana wao msalabani na kuisimamisha pale kwenye kipande chetu. Tukapita kwenye mashimo yote ya uwanja wa majaribio, picha haikuanguka. Akamwambia mkalimani kwamba madereva wa Lima watalipenda gari hili kabla hawajasikia injini. Kisha akabishana bei siku mbili nzima, imani haikumlegeza hata kidogo.

Sasa habari ya pili, Appa. Soma polepole.

Siku ile Mwenyekiti alipokiokota kisanamu, aliniuliza nani alinionyesha jambo hili. Nilikuwa na jina lako mdomoni. Nikatazama wale wahandisi, wote wa vyuo vikubwa, nikajibu, "Niliona mwenyewe, mheshimiwa." Nilikuibia, Appa. Maneno niliyoyatukana mbele ya majirani niliyavaa kama yangu, na nikapewa pongezi, na nikazipokea.

Na wizi huu haukuanzia hapo. Unajua kiwandani wote wananiandika S. Poongodi. Nilipoanza kazi mtu alikisia kwamba hiyo S, herufi ya jina la baba, ni Sundaram, nami sikumkatalia. Jina lako limetoka kwa mungu wetu wa mahali pa kuchomea maiti, ni jina la kijijini, nikaona litanichafua. Walipouliza baba anafanya kazi gani, nilisema yuko kwenye usafirishaji. Miaka kumi na moja nimekuficha nyuma ya herufi moja, wewe uliyekaa juani kwenye kituo cha teksi ili nilipiwe ada.

Hapa kiwandani mtu akileta wazo likabaki, jina lake huchongwa kwenye kibao cha shaba na kupigiliwa ukutani pale wazo linapofanyiwa kazi. Vipo kumi na vinne tu tangu kiwanda kianze. Wiki iliyopita karani alinijia aniulize kama kibao cha kumi na tano kiandikwe Sundaram Poongodi kwa kirefu. Nilishindwa kusema ndiyo. Jumatatu nilikwenda Chennai kwa Mwenyekiti, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, ingawa alinikaribisha kiti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapendi kudanganywa ndani ya chumba chake mwenyewe. Kiti cha Bwana Venugopal, anayestaafu Januari, kilikuwa kimeshaandikwa kwa jina langu. Kitapewa mwingine, na mimi ningoje nifikiriwe upya. Nikasema sawa, mheshimiwa. Nilipofika mlangoni akaniita akaniuliza jina lako. Nikalitamka. Akaniambia nilirudie, kwa sauti, akaliandika kwa mkono wake.

Kibao kimepigiliwa jana mchana, zamu mbili zilipokuwa zinapishana. Kaja Moideen alishika nyundo mwenyewe, akakataa kumpa mtu, akawa anapiga kelele, "Mtu wa kwetu huyu! Dereva wa kwetu!" Watu wa zamu ya pili walipiga miluzi mpaka wa ofisini wakatoka nje. Kimeandikwa hivi: Sudalaimuthu, dereva wa teksi, Palayamkottai. Jina langu halimo, Appa, na nilisimama chini yake nikijivuna kuliko siku ile ya makofi na ladu.

Nisamehe kwa maneno ya siku ile, na kwa ile miaka. Kama huwezi sasa, nitasubiri. Ila watu wa zamu ya pili wananiuliza kila siku dereva anakuja lini, na sina cha kuwajibu. Ndani ya bahasha kuna tiketi mbili za treni, yako na ya Amma, za Ijumaa ya wiki ijayo. Nitakuwa stesheni tangu alfajiri.

Msalimie sana Amma, na majirani wote waliocheka siku ile. Waambie walicheka kwa haki. Kaja Moideen anakusalimu, anasema umletee haluwa ya kwetu, ya huku anasema ni gundi. Mungu akuweke.

Ni mimi binti yako,

Sudalaimuthu Poongodi