Mguu wa Dieudo na matanga yangu

Jumatatu. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile ya Durban isiyopoza joto. Nguo nilizoanika jana usiku bado mbichi na chumba kinanuka sabuni. Sina furaha leo na sitajifanya ninayo.

Jana Dieudo alikosa penalti tena. Ni ya tatu mfululizo. Ya kwanza ilipaa juu, ya pili kipa aliipangua, na ya jana iligonga mwamba ikarudi uwanjani. Wenzake walikimbilia mpira. Yeye alibaki amesimama palepale, mikono kiunoni, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Kwa asiyetujua: Dieudo ni mume wangu. Siku za kazi anapakia na kupakua mizigo kwenye ghala moja huko Mobeni, na Jumapili anachezea Tanganyika, timu ya watu wa kandokando ya ziwa tuliojikuta kwenye mji huu. Wengi ni Wakongo na Warundi, na Watanzania wachache wa Kigoma. Mwaka jana wote alikuwa hakosi. Refa akionyesha nukta, mashabiki walianza kushangilia kabla hajapiga. Ghalani wanamwita "my friend" kwa sababu Dieudonné linawashinda kutamka. Uwanjani ndiko anakoitwa kwa jina lake, na kwa sauti kubwa.

Tulioana Desemba. Penalti zikaanza kukataa baada ya hapo. Hesabu hiyo sikuifanya mimi.

Mimi nasuka nywele kwenye saluni moja Overport. Upande mmoja tupo sisi wanawake, upande wa pili kuna viti vya kunyolea, na katikati hakuna hata pazia. Jumatatu kazi ni chache, kwa hiyo wanaume huja kunyoa halafu hawaondoki. Mwanaume akishafungwa kitambaa shingoni tu, tayari amekuwa kocha. Leo nilikuwa na mteja mmoja, mama wa Kizulu aliyetaka rasta ndefu za kufika mgongoni, na nilijua kabisa kwamba nitasimama pale hadi alasiri nikisikiliza habari za mguu wa mume wangu.

Walianza kistaarabu, maana nilikuwa nawasikia na walijua nawasikia. Fiston, kinyozi wetu, Mkongo mwenzangu, alisema Dieudo anaanzia mbio mbali mno. "Penalti hatua tatu, basi, c'est tout. Yeye anatokea kule nyuma kama anafukuzwa na polisi."

Juma akabisha. Juma ni Mtanzania, ana duka la vifaa vya simu mlango wa pili, na huja kwetu kila akikosa wateja, yaani kila siku. "Tatizo anamwangalia kipa usoni. Ukimwangalia kipa umekwisha. Chagua kona yako, funga macho, piga."

"Akifunga macho itaenda gonga taa za robot kule barabarani," Fiston akasema, na saluni nzima ikacheka. Nilicheka na mimi. Ilikuwa nafuu kidogo kusikia watu wakimcheka mume wangu kwa jambo la kawaida.

Wakaendelea hivyo. Viatu vyake vimeisha meno. Analala saa chache kwa ajili ya zamu za ghalani. Umri umemwendea. Juma akapendekeza mkwaju upewe mtu mwingine Jumapili hii, kwa kuwa ni nusu fainali na hakuna nafasi ya kufanya majaribio. Fiston akakataa katakata. Alisema mtu kama Dieudo ukimnyang'anya penalti mbele ya watu, hata kandanda lenyewe ataliacha. Nilimpenda Fiston kwa neno hilo, maana ndilo ninaloliogopa.

Halafu akazima mashine ya kunyolea na kupunguza sauti.

"Mi nasema ukweli. Ile mguu iko na kitu. Wameifunga."

Kwetu ukisema mguu umefungwa, huhitaji kueleza zaidi. Mtu fulani, aliye hai au aliyekufa, amefanya jambo, na mguu haumtii mwenyewe. Juma akampigia makofi ya kejeli. "Acheni ushirikina, bwana. Mtu kakosa penalti, nyie mshaanza kutafuta mchawi." Mungu ambariki Juma na chaja zake.

Mzee Ndayi alikuwa bado hajasema neno. Ni Mrundi, mtu mpole, ndiye anayesimamia mambo ya timu, na kanisani kwetu watu humpisha akae mbele. Alikuwa kwenye benchi akingoja zamu yake ya kunyolewa. Akasema taratibu, bila ubaya wowote, na alisema akinitazama mimi:

"Hapana, si uchawi. Ni matanga. Mama Sifa alitoka kwao bila kutolewa matanga ya bwana wake wa kwanza. Yule marehemu bado anajua huyu ni bibi yake. Sasa atamwachaje mwanaume mwingine atembee na mguu mzuri?"

Vidole vyangu vilisimama katikati ya nywele za watu. Mteja wangu aliniona kwenye kioo na kuwaona wanaume walivyonyamaza ghafla. Akaniuliza kwa Kizulu wanagombania nini. Nikamjibu kwa Kizulu changu cha sokoni: "Ibhola nje, sisi." Mpira tu, dada. Kisha nikaendelea kusuka.

Ngoja nieleze, kwa sababu wanaosoma hapa wengine si wa kwetu.

Mume wangu wa kwanza, baba Sifa, alifariki Uvira, Sifa akiwa bado ananyonya. Kwetu mjane hukaa kwenye msiba, na siku ikifika wakwe humwita, humnyoa nywele, humwogesha, halafu humwambia mbele ya watu kwamba matanga yametoka na sasa yuko huru. Siku yangu ilikuwa imepangwa. Bunduki zikatangulia. Wakwe walikimbilia upande wao, mimi na mtoto mgongoni tukavuka kwenda Tanzania, kambini, nilikojifunza hiki Kiswahili ninachoandika. Sijawahi kuwaona tena watu wale. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba niko huru.

Hapa Durban kila mtu anajua kwamba niliwahi kufiwa. Habari ya matanga nilimwambia mtu mmoja peke yake.

Ilikuwa kule Bluff, ufukweni, kabla ya ndoa, tumekaa juu ya mawe tukila chipsi huku upepo ukitumwagia mchanga. Nilimwambia Dieudo yote ili anioe akiwa anajua. Niliogopa mno siku ile, nilidhani atasimama na kwenda zake. Alitafuna chipsi yake hadi akaimaliza, kisha akasema: "Ile mambo tuliiacha kule. Mi naoa weye, sioi famille ya mtu."

Niliamini.

Kwa hiyo Mzee Ndayi alipolitaja jambo lile, sikuwa na haja ya kuuliza amelitoa wapi. Yeye mwenyewe akaniambia bila kuulizwa. "Usikasirike, mama. Dieudo alikuja kwangu mwenyewe, tumeshaongea. Sisi tunawatakia mema wote wawili." Nami nikasema, "Asante, Mzee." Ndiyo, nilimshukuru. Mdomo umezoea heshima, ulishukuru kabla sijauzuia. Juma alitoka nje bila kuaga. Fiston aliwasha mashine yake na kumwita Mzee kitini, na kuanzia hapo wote wakazungumzia bei ya mafuta.

Nikisema ukweli wote, mimi si jasiri kama Juma. Jana Dieudo alipoweka mpira kwenye nukta nilifumba macho, nikaongea na baba Sifa moyoni. Nilimwambia: mwachie apige hii moja tu. Mimi, ninayeimba kwaya kila Jumapili asubuhi. Nilipousikia mpira unagonga chuma, baridi ilinipanda mgongoni na jua likiwa kali. Sikumwambia mtu yeyote. Kwa hiyo siwezi kuwacheka wanaoamini. Nusu yangu inaamini pamoja nao.

Ila siri ile nilimpa Dieudo aitunze, na ameipeleka kwa wakubwa wa timu.

Najua pia kwa nini. Nimemwona akikaa kitandani ameshika viatu vyake bila kuvivaa. Nimeona anavyozunguka nyuma ya maduka ili asipite mbele ya kinyozi. Ana aibu mbele ya watu pekee wanaolijua jina lake katika mji huu mzima, na mtu mwenye aibu hushika chochote kilicho karibu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Naelewa kabisa. Kuelewa huko hakujanisaidia kitu leo.

Alirudi jioni amelowa. Tunaishi chumba kimoja katika fleti ya familia kadhaa, tumetenganishwa na mbao tu, kwa hiyo hapa watu hugombana kwa kunong'ona. Sifa alikuwa jikoni na watoto wa jirani. Nilimwekea Dieudo fufu na sombe, nikamwacha ale ashibe. Kisha nikamuuliza kama alimwambia Mzee Ndayi habari ya matanga.

Hakukana. Alisema Mzee alimuuliza kama iko kitu chochote nyumbani, sasa angesema nini. Akakunjakunja kona ya kitambaa cha meza. Halafu, bado akitazama kitambaa, akasema: "Wanaomba Jumapili usikuje uwanjani."

Nilisikia jirani akifungua bomba upande wa pili wa mbao. Nikasubiri maji yanyamaze.

"Hao wanaomba. Na weye unasema nini?"

Nilichokitaka kilikuwa kidogo. Aseme tu kwamba bibi yake atakuja uwanjani kama kawaida, na penalti ni yake yeye, ikiingia au isiingie. Asingehitaji hata kuamini anachosema. Ningemsamehe yale mengine yote, saluni, Mzee Ndayi, kila kitu, na ningemwambia pale pale nilichofanya jana nikiwa nimefumba macho, na labda tungecheka.

Aliikunjua ile kona ya kitambaa, akailaza kwa kidole.

"Tujaribu mara moja tu, chérie."

Kisha akainuka, akachukua sahani yake na yangu, akaenda kuziosha. Huwa haoshi sahani. Nilimsikia jikoni akimtania Sifa kuhusu hesabu zake, kwa sauti nzuri, sauti ya mtu aliyetua mzigo. Ni muda sijaisikia sauti ile. Niliketi kitandani nikaisikiliza, na nikaona aibu kwamba ilinifurahisha kidogo kabla ya kuniumiza.

Sikulia. Aliporudi na mikono yake yenye maji aliniuliza kama nina hasira naye, nikasema nimechoka kwa kusimama. Ni kweli pia, miguu inaniuma. Akanikanda visigino, taratibu, kama anavyofanya siku za kazi nyingi. Huyu ndiye mwanaume niliyeolewa naye. Angekuwa mkatili ningejua la kufanya.

Sasa ameenda kuoga na mimi ninaandika kwa simu. Ninaifikiria Jumapili. Nitakuwa humu ndani na Sifa, nitapika, nitajifanya kuna kazi. Mwanangu ataniuliza mbona hatuendi mpirani na nitamdanganya kwamba mama ana kichwa kinauma. Saa fulani simu italia na itakuwa sauti ya Fiston kwenye kundi la mashabiki.

Ikiingia, watambeba juu juu. Watalitaja jina lake mpaka barabarani, naye atarudi akiwa mtu mzima tena, na mimi nitakuwa nimeshahukumiwa bila mtu kunyanyua sauti. Jumapili inayofuata nitabaki tena. Na ile nyingine. Kisha ataanza kazi mpya, ataniambia nisimsindikize. Mtoto wa mtu ataugua, nitaombwa nisiende kumwona. Yote yatasemwa kwa upole, na kila mara Dieudo ataosha sahani.

Isipoingia, wataniacha huru wao, hata kama wakwe hawakuniacha. Na yeye atafungua mlango huo akiwa na uso ule wa jana, ule wa kusimama peke yake mbele ya goli, na sidhani ataweza kuurudisha tena uwanjani.

Nampenda. Ningependa kuandika kwamba leo simpendi, ingekuwa rahisi. Basi Jumapili, refa akionyesha nukta na mimi niko huku nyumbani, niombe mpira uende wapi?