Jaji, Nimekukimbizia Dume Peke Yangu

Jaji, omera, ndugu yangu,

Wewe umelala, mimi niko hapa Lambwe na hii mwandiko mbaya ulinifundisha kwa mchanga tukichunga mbuzi. Ulikuwa unatoka shule unachora herufi, mimi nafuta na kidole ya mguu. Ukaenda ukawa wakili, hakimu, mwisho jaji. Mimi nikabaki mwanaume mwenye sura nzuri kuliko wote kutoka hapa mpaka Karungu. Kila mtu na kazi yake.

Watoto wako walikuzika mbio mbio kama watu wanakimbia mvua. Wakasoma maisha yako kwa maiki: vyeo, majoho, safari za ng'ambo. Mbuzi hakuna. Lambwe hakuna. Nikaomba kusema, kijana wako mkubwa akaniambia, "Mzee, wafanyakazi wa zamani wataongea kama muda itabaki."

Mfanyakazi. Mimi.

Muda haikubaki.

Unakumbuka kesi yangu ya shamba, ukiwa hakimu Homa Bay? Nilivaa koti, nikijua nimeshinda, hakimu si ni wangu. Ukaniangalia na macho baridi, ukaambia korti yote, "Huyu ni rafiki yangu. Siwezi kusikiliza kesi yake." Ukaipeleka kwa mwingine, na yeye akanimaliza. Shamba ikaenda. Lakini siku hiyo nilitembea mjini kama gavana, juu serikali yenyewe imesikia mimi ni nani kwako. Watu mpaka Migori wamechoka na hiyo hadithi.

Na tulikubaliana: mwenye atatangulia, mwingine atatoa ng'ombe kwa boma yake, akimbize na kelele mpaka mpakani mwa kijiji, kifo ifukuzwe itoke hapo, vile wazee wetu walifanya. Watoto wako wakasema hiyo ni ushenzi, tena magari inarudi Nairobi.

Basi jana nilichukua dume yangu, ile ya mguu mbovu. Nikapiga kelele, tukaanza mbio hapo kwa kaburi yako. Nusu njia akasimama akala nyasi. Wanawake wa kisima wakacheka. Nikalia, nikawaambia ni vumbi. Lakini tulifika mpakani, mimi na yeye, wote tukichechemea.

Zamu yangu ikifika, nani atanikimbizia? Hiyo kesi umeniachia.

Lala, omera. Nimeandika na kidole kwa mchanga ya kaburi yako: Huyu ni rafiki yangu. Wanasema wanaleta simiti. Walete. Nitaandika hapo kando, na mvua ikifuta, nitaandika tena.