Pikipiki Iliyonyamaza Mlangoni pa Msikiti

Mutakura, Bujumbura
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Anouar,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute huko Lubumbashi ukiwa mzima, na lile goti lako liwe limekubali tena kukunjika kwenye sijda. Shemeji Khadidja hajambo? Na wanafunzi wako wa chuo cha Kurani, bado wanakuficha bakora? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Ukiona mistari inapanda mlima, usinicheke, ni mkono.

Kuhusu afya yangu sikufichi. Moyo umechoka. Daktari amemwambia binti yangu Zubeda anipe chochote ninachopenda kula, na mwalimu mzee kama mimi anaelewa maana ya ruhusa kama hiyo.

Lakini nilichokuwa nakitamani hakikuwa chakula. Nilitaka Ijumaa moja zaidi katika msikiti wetu wa Kamenge, bega kwa bega na watu. Hata Idi ya juzi niliiswalia kitandani. Miguu hainifikishi tena. Mafuta yamekuwa haba mjini, na basi likipatikana watu huligombania kwa viwiko, nami viwiko vyangu unavijua. Ilibaki pikipiki ya Zubeda, ile anayopelekea wateja wake vitambaa. Na pikipiki hiyo ilikuwa imekatazwa kusogelea msikiti.

Si kwa uonevu. Bomba lake la moshi lilikuwa linavuja penye kiungo, pale linapoingia kwenye sailensa. Dereva akiachia gesi ili asimame, hewa huingia kwa upenyo ule, ikakutana na petroli ambayo haijaungua, na bomba likapiga kama bunduki. Kwa hiyo ililipuka pale pale tulipokuwa tunafika. Mlio wa namna hiyo, katika Kamenge iliyoonja risasi za vita, tunayoijua wewe na mimi, watu hawaupokei kwa kicheko. Siku moja tulichelewa tukafika katikati ya hotuba. Ilipiga moja tu, na nusu ya msikiti ikalala chini. Mzee Massoudi, mwadhini wetu, aliangukia mkono, na siku nyingi ukawa umefungwa kitambaa. Baadaye wazee walinijia kwa adabu, wakasema hotuba ya pikipiki yangu inaishinda ya imamu. Niliona haya, nikakubali.

Fundi wetu ni Hyacinthe, Mkristo mmoja mcheshi mwenye gereji ya wazi hapa Mutakura. Alikuwa ameshaziba kiungo kile mara nyingi kwa mastiki, gundi nyekundu isiyoogopa moto wa bomba, na kila mara baada ya siku chache pikipiki ililipuka tena. Zubeda akaanza kusema tuiuze. Ndipo nikaomba nipelekwe nikaone kazi kwa macho yangu. Walinikalisha kwenye kiti cha plastiki kama bwana harusi.

Nikamuuliza Hyacinthe gundi hiyo inataka muda gani ikauke. Akajikuna kichwa.

"Muzee, inataka ilale mupaka kesho. Mi najua. Lakini nikiambia mutu arudi kesho, anaenda kwa fundi Bonfils. Hapa kila mutu anataka asikie moteri inalia mbele yake, ndiyo anaamini."

Ndugu yangu, alisema kweli tupu. Unakumbuka desturi ya mji wetu: hakuna anayeondoka gereji kabla ya kusikia chombo chake kikinguruma. Zubeda alikuwa anafanya hivyo hivyo. Injini inawashwa, gundi ingali mbichi, moshi unaisukuma nje, watu wanapeana mikono kwa furaha. Tulikuwa tunaziba na kuzibua siku moja.

Nikamwambia, "Basi ilaze."

Zubeda akaruka. "Baba, na vitambaa vya watu nitabeba na nini?"

"Na kichwa, kama mama yako."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. "Hyacinthe, ilaze. Mwalimu ameshasema."

Hyacinthe akafungua kiungo, akasugua masizi kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akapitisha msasa, akafuta kwa kitambaa kikavu. Nikaomba nipake mimi. Akanishika kiganja, tukapaka pamoja, tabaka jembamba, kulizunguka bomba lote bila kuacha pengo. Gundi nyingine ilinipata ndevuni. Akakaza kibano, akaisukuma pikipiki kivulini, akaiacha kimya.

Wapita njia hawakutuacha. "Eh, Hyacinthe! Hiyo piki ya mwalimu imekufa? Mbona hailie?"

"Apana, inalala! We ukilala, nakuja kukupiga teke ulie?"

Kwa Bonfils, ng'ambo ya barabara, injini zilinguruma siku nzima, na wateja wawili walimhama Hyacinthe mbele ya macho yetu. Hakuigusa pikipiki yetu. Kwa hilo nitamheshimu mpaka nitakapofunikwa udongo. Kesho yake ndipo aliiwasha kwa upole, akaizima, akaiacha ipoe, akakaza kibano tena.

Jana, Ijumaa, nilioga, nikavaa kanzu nyeupe, na Zubeda akanifunga kiunoni mwake kwa kitenge kama mzigo wa vitambaa. Tukaenda polepole hadi Kamenge. Tulipoukaribia msikiti niliwaona wazee wamesimama mlangoni, na Mzee Massoudi mbele yao, amenyoosha mkono ule ule kutusimamisha. Zubeda akaachia gesi. Anouar, nilifumba macho. Wazee wawili walishaanza kuinama.

Hakukuwa na kitu. Injini ilinong'ona, ikazima.

Mzee Massoudi hakuridhika. "We mutoto, washa tena. Kimbia mupaka kule, halafu achia."

Zubeda akaenda, akarudi, akaachia. Kimya. Mzee akamrudisha tena. Kimya. Watu walikuwa wamejaa barabarani wakisikiliza kimya hicho kama wanaosikiliza tangazo la mwezi kuandama. Mzee Massoudi akatoa takbira kwa sauti yake yote, wakaitikia, halafu Zubeda akanifungua kitenge, naye mzee akanishika mkono akaniingiza ndani mwenyewe, mpaka safu ya mbele.

Sasa nina jambo la kukiri, na nakukiria wewe kwa kuwa umesoma dini zaidi yangu. Niliiomba swala hiyo kwa machozi miezi mingi. Nilipoipata, moyo wangu haukuwa ndani yake. Imamu anasoma, mimi nawaza kiungo cha bomba. Kwenye sijda nilitabasamu, paji la uso likiwa juu ya jamvi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, na ilinijaa mpaka sikubakiwa na nafasi ya unyenyekevu. Ukiona ni dhambi, niombee msamaha. Ukiona ni shukrani iliyopotea njia kidogo, usinikosoe, kwa maana sijutii.

Jioni daktari alikuja, akamgombeza Zubeda, akasema nisitoke tena. Nimemsikiliza kwa heshima. Lakini nimeshamwambia Zubeda ajaze petroli akiipata. Ijumaa ijayo nikiwa hai, nitakuwa safu ya mbele. Nisipokuwa hai, watanilaza mbele ya safu ya mbele. Kwa vyovyote msikitini nitafika.

Mbusu Khadidja mkono kwa niaba yangu, na umwambie mwanao Moubarak asimame wima anaposwali, asiegemee ukuta kama babu. Zubeda anakusalimu sana, na Hyacinthe anasema salamu ingawa hakujui. Mola akuzidishie umri wenye nuru, akuoneshe wajukuu, na akukutanishe nami pale pasipo na daktari.

Ni mimi, ndugu yako akupendaye tangu tulipokuwa tukigombea kibao kimoja chuoni,

Rachid